Sarafu za Fedha Uani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuchimba

Sarafu ya fedha inaweza kulala ardhini miaka mia na ikatoka iking'aa. Nyingi zinazoharibika huharibika katika dakika tano za kwanza baada ya kuonekana: ncha ya sepeto imeikwaruza usoni, au aliyeipata ameipangusa kwa kidole gumba chenye mchanga ili asome mwaka. Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi sarafu makumbusho huitambua mikwaruzo hiyo haraka. Ni mipya, inameta, na haina chembe ya uchafu ndani yake, ilhali mikwaruzo ya zamani imefubaa pamoja na sarafu yenyewe. Kwa hiyo, aliyepata ditekta, yaani mashine ya kutafutia metali ardhini, na anataka kuanza na uwanja wa nyumba, ningependa ajifunze kuchimba kabla hajajifunza kutafuta. Lakini najua hakuna anayeanza hivyo, basi tuanze na kutafuta.

Ditekta hutuma mawimbi ya sumaku kutoka kwenye koili, ile sahani ya duara iliyo mwishoni mwa fimbo. Mawimbi hayo yakikuta metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo hutoa sumaku yake yenyewe ambayo koili huipokea. Mashine za kawaida za kutafutia sarafu hufanya kazi kwa masafa ya kati ya kilohezi 3 na 30, yaani mawimbi 3,000 hadi 30,000 kwa sekunde. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine zote, ikifuatwa kwa karibu na shaba, na ndiyo maana hutoa mlio wa juu na namba kubwa kwenye kioo. Karatasi ya alumini na vishikio vya makopo ya soda huangukia namba za chini au za kati. Pete za dhahabu nazo huangukia hukohuko, na hilo limewaponza wengi walioamua kupuuza namba zote za kati.

Namba kubwa haimaanishi fedha moja kwa moja. Sarafu ya zamani ya shaba hutoa namba inayokaribiana sana na ya fedha, na msumari wenye kutu uliopinda unaweza kutoa mlio wa juu kabisa. Msumari hupimwa kwa kugeuka: pitisha koili juu ya mahali hapo, kisha zunguka robo duara na uipitishe tena kutoka upande wa pili. Sarafu iliyolala bapa hulia vilevile kutoka pande zote mbili, na mlio wake ni mfupi wenye mipaka. Msumari hulia vizuri upande mmoja na kukatikakatika upande wa pili. Mlio unaokufuata kwa mstari mrefu ni waya au bomba, na hapo usichimbe kabisa. Kabla ya siku ya kwanza, fahamu nyaya za umeme, bomba la gesi na mabomba ya kumwagilia yanapita wapi. Nchi nyingi zina huduma ya kuonyesha njia za umeme na gesi bila malipo. Nchini Marekani hupatikana kwa kupiga 811.

Chuma kikubwa kisichoonekana ni taabu ya siku nyingi katika kazi hii. Mwaka 1881 mvumbuzi Alexander Graham Bell alijaribu kutumia kifaa cha aina hii kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani aliyekuwa amepigwa risasi, na majaribio yakavurugwa na nyaya za chuma zilizokuwamo kwenye godoro. Uani, godoro hilo ni nondo za ukuta, uzio wa waya na mifuniko ya mashimo. Karibu navyo, punguza nguvu ya mashine na utumie koili ndogo, la sivyo utasikia kelele tupu.

Je, upite wapi? Sarafu hudondoka pale watu wanapoinama, wanapokaa, au wanapotia mkono mfukoni. Kwa hiyo njia ya kutoka getini hadi mlangoni huja kwanza, kisha ngazi za mlango, chini ya mti mkubwa wenye kivuli, na chini ya kamba za kuanikia nguo. Mahali hapo pa mwisho hudharauliwa bila sababu: nguo zinazoning'inizwa zikiwa hazijakaguliwa mifuko zimemwaga sarafu nyingi tangu zamani. Umri wa nyumba ni kitu cha kuangalia, ila usiuamini peke yake. Mafundi wa ujenzi huweza kukwangua udongo wa juu na kuleta mwingine wa kifusi. Ukikuta kokoto, vipande vya plastiki na takataka za juzi hadi kina cha kiganja, udongo huo ni mgeni. Hamia kwenye mashina ya miti mikongwe, ambako mara nyingi usawa wa zamani wa ardhi huwa umeachwa bila kuguswa.

Kina nacho hudanganya. Mwaka uleule wa 1881 mwanasayansi Charles Darwin alichapisha uchunguzi wake wa miaka mingi kuhusu nyungunyungu, akionyesha kwamba wao hupandisha udongo laini juu na hivyo vitu vilivyoachwa juu ya nyasi huzama taratibu. Penye nyungunyungu wengi sarafu huzama haraka. Penye mfinyanzi mgumu au mawe hukaa sentimita chache tu chini. Ditekta ya kawaida hushika sarafu moja hadi takriban sentimita 15 au 25, na udongo wenye madini mengi ya chuma hupunguza hata hizo. Udongo wenye unyevu husaidia kidogo, na zaidi ya hayo hukatika vizuri, kwa hiyo subiri mvua.

Sasa kuchimba. Kwenye nyasi, usitoboe tundu la duara. Kata pande tatu za mraba kwa jembe dogo la mkono, kina cha kama sentimita 10, na upande wa nne uache mizizi yake ikiwa imeshika, kisha uinue nyasi kama kifuniko cha sanduku. Anza kukata mbali na kitovu cha mlio, walau upana wa kiganja. Ncha ya jembe ikiingia katikati ndiyo hutuletea zile sarafu zenye pengo ukingoni. Udongo uweke juu ya kitambaa au turubai, si juu ya nyasi. Kigunduzi kidogo cha mkononi kitakuonyesha kama kitu kiko kwenye udongo uliotoa au bado kiko shimoni. Hapo endelea kwa vidole na kijiti cha mbao. Ukimaliza rudisha udongo, funika, kanyaga, mwagia maji. Wakati wa ukame usikate nyasi kabisa, kwa kuwa kiraka hicho kitakauka na mwenye nyumba hatakukaribisha tena.

Sarafu ikishaonekana, ishike kwa ukingo. Usiitemee mate, usiipanguse kwenye suruali. Punje za mchanga ni ngumu kuliko fedha, na kila ukisugua unazifanya msasa. Ifunge pamoja na udongo wake, andika ilipotoka kwa kupima umbali wake kutoka pembe mbili za nyumba, andika na kina. Nyumbani iloweke kwenye maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na chumvi wala klorini, ubadilishe maji hadi udongo uachie wenyewe, kisha uikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini bila kusugua. Basi. Dawa ya meno, magadi, ndimu, na ule ujanja wa karatasi ya alumini na maji ya moto unaosifiwa kila mahali, vyote huondoa sehemu ya uso wa sarafu au kuuacha na mng'ao wa bandia ambao mnunuzi mzoefu huujua. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa wakusanyaji, na hakuna dawa ya kuirudishia.

Weusi juu ya fedha hutokana na salfa. Ni tabaka jembamba na halina haraka. Linalohitaji tahadhari zaidi ni ganda la kijivu au la zambarau, ambalo hutokana na klorini na hupatikana zaidi kwenye udongo wenye chumvi. Usilibandue: alama za sarafu wakati mwingine zimebaki ndani ya ganda hilohilo. Rangi ya kijani huonyesha shaba iliyochanganywa, na hapo ndipo mwaka unapotoa maelezo. Sarafu za fedha za Uingereza zilikuwa na fedha asilimia 92.5 hadi mwaka 1920, zikashushwa hadi asilimia 50, na kuanzia 1947 fedha ikaondolewa kabisa. Marekani iliweka asilimia 90 kwenye senti 10 na senti 25 hadi zile zenye mwaka 1964. Australia ilianza na 92.5, ikashuka hadi 50 mwaka 1946. Kuna na vituko: senti 5 za Marekani za miaka ya vita, kati ya 1942 na 1945, zina fedha asilimia 35 na manganizi, nazo hutoka ardhini nyeusi kiasi kwamba wengi huzitupa.

Mwaka usiposomeka, tazama ukingo. Senti 25 ya Marekani ya baada ya 1964 ina mstari wa shaba unaoonekana pembeni. Ya fedha ni nyeupe kotekote. Mizani nayo husaidia, kwa kuwa ya fedha ina gramu 6.25 na ile mpya 5.67. Kwa shilingi ya Uingereza mizani haina msaada, maana uzito ulibaki gramu 5.66 hata fedha ilipoondolewa.

Yote haya yanahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, na mpangaji si mwenye ardhi. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani atabaki na kitakachopatikana. Ule ukanda wa nyasi kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara mara nyingi ni wa halmashauri, hata kama mwenye nyumba ndiye anayeufyeka. Sheria nazo zinatofautiana sana: katika Jamhuri ya Ireland kutafuta vitu vya kale kwa ditekta bila kibali cha maandishi ni kosa, wakati Marekani uwanja wa mtu binafsi huhitaji zaidi idhini yake, lakini ardhi ya serikali kuu inalindwa na sheria ya mwaka 1979.

Ukikuta sarafu ya pili na ya tatu ndani ya shimo moja, acha kuchimba. Huenda aliyeziweka alizificha makusudi, ndani ya mfuko au chungu, na mpangilio wake pamoja na mabaki ya chombo hicho ndivyo vinavyomwambia mwanaakiolojia zilifukiwa lini na pengine kwa nini. Funika shimo, piga picha, wasiliana na makumbusho au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu. England, Wales na Ireland ya Kaskazini, sarafu mbili au zaidi kutoka sehemu moja, zenye umri wa miaka 300 au zaidi na dhahabu au fedha walau asilimia 10, ni hazina kisheria, na lazima ziripotiwe ndani ya siku 14. Scotland haina kikomo hicho cha umri, na vitu vya kale vinavyopatikana huko ni mali ya Taji, yaani ya ufalme. Ukitoa taarifa huku sarafu zikiwa bado udongoni, mtaalamu atazikuta kama zilivyowekwa. Ukimletea kwenye ndoo zikiwa zimeoshwa, atakachoweza kufanya ni kuzihesabu na kuzipima.