Kavareji ya majaribio: sifuri ya ripoti si ushahidi kwamba msimbo haujajaribiwa

Miongoni mwa wanaotunza vifurushi vya programu kuna kauli iliyozoeleka kupita kiasi. Ripoti ya kavareji ikionyesha kwamba faili fulani lina asilimia sifuri, hutokea mtu akatangaza kwamba faili hilo halijajaribiwa, na wenzake wakakubali bila kuuliza lolote. Baada ya hapo huandikwa majaribio mapya yasiyohitajika, au, jambo ambalo ni baya zaidi, mistari hiyo hufichwa kwa alama ya kuiondoa katika hesabu, ili namba ipande na mjadala ufungwe.

Kavareji ya majaribio ni sehemu ya msimbo, kwa kawaida hutajwa kwa asilimia, ambayo chombo cha kupimia kilirekodi kwamba ilitekelezwa wakati majaribio yalipokuwa yakiendeshwa. Vipo vyombo vinavyohesabu mistari, na vipo vinavyohesabu matawi, yaani kila upande ambao sharti linaweza kuelekea. Maana yake haizidi hapo, na kila anayefanya kazi hii anaifahamu. Kinachosahaulika ni kitenzi kilichomo ndani ya maana hiyo: kilirekodi. Mstari unaweza kutekelezwa mara elfu bila kurekodiwa hata mara moja, na ripoti haina namna ya kuitofautisha hali hiyo na ile ya mstari ambao haukuguswa kabisa. Zote mbili hupakwa rangi nyekundu ile ile.

Ili utekelezaji ugeuke kuwa asilimia, ni lazima chombo kiwe kimeanza kazi kabla ya msimbo kupita, kiwe kinaitazama nakala ile ile inayotekelezwa, na kumbukumbu zake zihifadhiwe mpaka mwisho. Hatua yoyote kati ya hizo ikikosekana, namba hushuka ingawa majaribio yote yamefaulu.

Hatua ya kwanza ndiyo inayosumbua zaidi, hasa katika Python. Chombo kiitwacho coverage.py hufuatilia utekelezaji kwa kuomba kuarifiwa na mfasiri wa lugha kila mstari unapopita, kwa hiyo mistari iliyopita kabla ya ombi hilo imepita bila shahidi. Tuseme kifurushi kinaagizwa, yaani kinapakiwa kwa amri ya `import`, mapema mno, labda kwa sababu chenyewe ni kiongezi cha pytest, programu inayoendesha majaribio ya Python, na viongezi hupakiwa kabla ya upimaji kuanza. Ripoti itakayotoka ina sura ya ajabu: mistari yote ya `import` ni myekundu, mistari yote ya `def` na `class` ni myekundu, lakini mistari iliyomo ndani ya funksheni ni ya kijani. Picha hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inaeleza jambo lisilowezekana. Katika Python, `def` ni amri inayotekelezwa, nayo ndiyo inayoiumba funksheni. Hakuna funksheni inayoweza kuitwa ikiwa mstari wake wa `def` haukutekelezwa. Anayeiona ripoti ya namna hiyo hana haja ya kutafuta jaribio lililopungua. Ripoti yenyewe imekiri kwamba shahidi alichelewa, kama karani wa mlangoni aliyefika watu wakiwa wameshaketi, akaandika majina ya waliosimama tu. Tiba ni kukitanguliza chombo: badala ya kuiachia pytest iwashe upimaji, upimaji ndio uiwashe pytest, kwa amri ya `coverage run -m pytest`.

Hatua ya pili huteleza pale msimbo unapokuwa na nakala mbili. Mtunzaji anayajaribu mafaili yaliyosakinishwa katika folda ya `site-packages`, jambo ambalo ni jema, kwa kuwa ndiyo yatakayomfikia mtumiaji. Lakini chombo kimeelekezwa kwenye folda ya `src`, ambako hakuna mstari uliotekelezwa. Hapo coverage.py huonya kwamba moduli haikuagizwa au kwamba hakuna data iliyokusanywa, na onyo hilo hupotea katikati ya matini ndefu ya seva inayoendesha majaribio. Kwa wanaotumia Java, chombo cha kupimia kiitwacho JaCoCo hulitambua kila darasa kwa namba inayokokotolewa kutokana na baiti zake. Darasa likikompailiwa upya, au likibadilishwa na chombo kingine kabla halijaendeshwa, namba hazilingani tena, na ripoti huonyesha sifuri kwa darasa ambalo majaribio yamelipitia lote.

Ya tatu ni kumbukumbu kupotea. Programu ya C iliyokompailiwa kwa ajili ya gcov, chombo cha kupimia kavareji, huandika mafaili yake ya hesabu, yaani ya `.gcda`, pale inapomaliza kwa utaratibu wa kawaida. Ikiuawa papo hapo kwa ishara ya SIGKILL, au ikitoka kwa `_exit`, ambayo huruka utaratibu huo, vihesabio vyake hufa pamoja nayo. Michakato inayozaliwa na majaribio ina tabu inayofanana na hiyo: kila mmoja unahitaji kupimwa na kuwa na faili lake la data, kisha mafaili hayo yaunganishwe, kazi ambayo kwa coverage.py hufanywa na `coverage combine`. Hatua ya kuunganisha ikirukwa, kilichofanywa na mchakato mtoto hakionekani popote.

Kosa hilo huenda upande wa pili pia, na upande huo haumkeri mtu, kwa sababu namba inapendeza. Ikiwa coverage.py haikuambiwa chanzo cha msimbo kiko wapi, faili ambalo halikuagizwa kamwe haliingii hata katika hesabu, na asilimia hupanda kwa kutolihesabu lile lililosahauliwa kuliko yote. Mafaili ya `.gcda` ya jana yasipofutwa, hesabu za leo huongezwa juu yake. Katika lugha ya Go hali hugeuka tena: kwa kawaida majaribio ya kifurushi huhesabiwa kwa kifurushi hicho tu, kwa hiyo kifurushi kinachojaribiwa vizuri kupitia cha jirani huonekana kitupu mpaka mtu atumie chaguo la `-coverpkg`, linalotaja vifurushi vya kupimwa.

Wala rangi ya kijani haithibitishi kwamba matokeo ya mstari yalikaguliwa. Jaribio lisilodai chochote hupaka kijani sawasawa na jaribio lililoandikwa kwa uangalifu.

Kwa hiyo, kwa heshima yote, anayekagua kazi ya mwenzake asiandike "mistari hii haijajaribiwa" kwa kuiona tu kuwa myekundu. Aandike "mistari hii haikurekodiwa", kisha afanye uchunguzi mmoja ambao hauhitaji chombo chochote kipya. Achague mstari mmoja kati ya hiyo myekundu, aweke hapo kwa makusudi amri ya kuzua hitilafu, na aendeshe majaribio upya kwa njia ile ile iliyoitoa ripoti. Majaribio yakianguka kwa hitilafu hiyo, mstari unapitiwa, na wa kurekebishwa ni mpangilio wa upimaji. Yakifaulu yote, kabla hajamwomba mwenzake aandike jaribio, ahakikishe kwamba faili alilolihariri ndilo lililopakiwa, kwa kuchapisha thamani ya `__file__` ya moduli hiyo ikiwa ni Python, kwa sababu huenda hitilafu yake ameiweka katika nakala ambayo haiendeshwi na yeyote.