Je, wajua? Kigoma ikigonga saa sita mchana, jua bado halijafika utosini

Muulize mtoto wa darasa la tatu kivuli huwa kifupi kabisa saa ngapi. Atakujibu bila kusita: saa sita mchana. Mama yake atajibu hivyo hivyo, na mwalimu wake pia. Ni jibu ambalo karibu kila aliyepita shule ya msingi analo kichwani, na kwa Kigoma si sahihi hata siku moja ya mwaka. Hapo kivuli hufikia ufupi wake wa mwisho kwenye saa saba hivi. Mwaka mzima hakiwahi saa 6:45 wala hakichelewi kupita saa 7:16. Tabora nayo imo kwenye kosa hilo hilo, ila kwa nafuu kidogo: wastani wake ni saa 6:49.

Kosa lenyewe lina sababu ya kuzaliwa darasa la tatu. Madarasa mawili ya kwanza ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Baadaye masomo yanaachana, na wakati unagawanywa kama mkate. Hisabati inachukua saa na dakika. Kiingereza kinachukua saa ile ile na kuipa namba nyingine. Jua na vivuli viko sayansi, na pande kuu za dunia ziko kwenye jiografia. Kila somo linasema kweli kwa upande wake. Tatizo ni kwamba hakuna kipindi cha kuyakutanisha yote uani, kijiti kikiwa kimesimama na saa iko mkononi.

Tofauti ya saa sita kati ya Kiswahili na Kiingereza haihusiki hapa, ingawa ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Kiswahili huhesabu kuanzia asubuhi, Kiingereza kuanzia usiku wa manane. Waethiopia nao huhesabu kama sisi. Mtoto anayechanganyikiwa mwambie asome namba iliyo upande wa pili wa uso wa saa: mshale mfupi ukielekea 7, ng'ambo yake kuna 1, basi ni saa moja. Mshale wa dakika asiuguse. Ni majina mawili ya dakika ile ile, hayasogezi jua.

Kinachosogeza mambo ni longitudo. Dunia humaliza nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa, au dakika 4 kwa kila nyuzi moja. Lichukulie jua kuwa treni inayotoka mashariki kwenda magharibi na kufuata Reli ya Kati. Dar es Salaam iko nyuzi 39.3 mashariki, Tabora 32.8, Kigoma 29.6. Toka Dar hadi Kigoma ni nyuzi 9.7 kasoro kidogo, zidisha kwa nne, unapata dakika 39. Huo ndio muda ambao jua hutumia kutoka utosi wa Dar kufika utosi wa Kigoma. Treni ya kweli, tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, haijawahi kukaribia hapo: jua linakwenda zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na halisimami Tabora kubadilisha kichwa.

Sasa chukulia kwamba stesheni zote za njia hiyo zimetundika saa, na saa zote zimewekwa kwa kufuata stesheni moja ya mbali. Ndivyo ilivyo. Saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na mstari huo haugusi ardhi ya Tanzania popote. Unapita karibu kabisa na Mogadishu. Treni yetu ya jua inapita hapo saa 6:00 kamili, inapita Dar saa 6:23, Tabora 6:49 na Kigoma 7:01. Kwa hiyo hata mtoto wa Dar hakufundishwa sawasawa, ila dakika 23 si rahisi kuziona kwa macho. Saa nzima inaonekana.

Inaonekana zaidi asubuhi. Kwa hesabu ya Kiswahili, saa moja ina maana jua limeshachomoza na saa moja imepita. Kigoma, mwezi wa Julai, jua lenyewe huchomoza kwenye saa 1:10. Mtoto wa Ujiji anayetakiwa kuwahi usafi wa mazingira kabla ya saa moja anatembea kwenye giza linaloanza kufifia, wakati mwenzake wa Dar jua limeshamtokea. Waislamu wa Ujiji hawahitaji kuelezwa haya. Swala ya adhuhuri huingia jua likishapinduka, na ratiba yao haifanani na ya Dar. Mwezi wa Ramadhani, anayefuturu kwa adhana ya Dar inayorushwa redioni atakuwa amekula wakati jua la Kigoma bado liko juu ya ziwa, na dakika zaidi ya thelathini mkononi.

Hata hivyo treni hii haina nidhamu ya saa. Mwanzoni mwa Novemba jua hutangulia wastani wake kwa dakika 16, katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14. Njia ya dunia si duara kamili, na mhimili wake umelala upande. Mambo hayo mawili huongezeana na kupunguzana mwaka mzima. Ndiyo maana saa 7:01 ni wastani. Inakaribia kuwa sahihi kabisa katikati ya Aprili na katikati ya Juni.

Kuna kipande cha pili cha kosa: kwamba mchana huo kivuli "hupotea". Kigoma hupotea siku mbili hivi kwa mwaka, karibu tarehe 8 Machi na tarehe 5 Oktoba, jua linapopita nyuzi 4.9 kusini mwa ikweta, juu ya mji wenyewe. Siku nyingine kijiti cha mita moja kina kivuli muda wote. Katikati ya Juni kivuli kifupi kabisa kina sentimita 53 au 54 na kinaelekea kusini; mwishoni mwa Desemba kina 34 na kinaelekea kaskazini. Hata tarehe hiyo 5 Oktoba, ukitoka nje saa sita kamili utakuta kivuli cha sentimita 22 kimelala kuelekea magharibi. Mtoto anayekuja na kipimo hicho asikosolewe.

Kulipima jambo hili kunahitaji kijiti, uzi, jiwe, chaki na siku isiyo na mawingu, kwa hiyo Juni hadi Agosti ni salama kuliko Oktoba au Machi, mvua zikiwapo. Kijiti kiwe cha mita moja, kisimamishwe kwa timazi: funga jiwe kwenye uzi, uzi ulingane na kijiti ukiangalia pande mbili. Kikiinama nyuzi mbili tu kuelekea mashariki au magharibi, jibu lako litasogea dakika kadhaa. Sakafu iwe sawa. Uwanja wa udongo wenye mteremko huharibu kila kitu.

Wengi huanguka hapa: wanasubiri kivuli kifike mwisho wa kufupika, kisha wanaandika saa. Haiwezekani kwa usahihi huo. Katikati ya Juni, ndani ya robo saa kabla ya utosi, kivuli kinapungua nusu sentimita tu, na ncha ya kivuli chenyewe ina ukungu wa zaidi ya sentimita moja, kwa kuwa jua si nukta, lina upana. Unatafuta badiliko lililo dogo kuliko ukungu wake. Ni kama kutaka kujua bembea ilisimama lini kule juu kabla ya kurudi: pale inapogeuka ndipo haionekani kwenda.

Basi usilipime pale linapogeuka. Saa 5:30 weka alama kwenye ncha ya kivuli. Katikati ya Juni kitakuwa na sentimita 72 hivi. Funga uzi kwenye shina la kijiti, uunyooshe mpaka kwenye alama, uchore duara. Kivuli kitaingia ndani ya duara, kitafupika, kitarefuka, na alasiri ncha yake itagusa duara tena. Andika saa hiyo. Kama ni 8:32, chukua katikati ya 5:30 na 8:32: saa 7:01. Kwa wakati huu wa siku ncha inakwenda haraka, ukungu haukuchezei sana. Na kuna nyongeza ya bure: tafuta nusu ya mstari unaounganisha alama zako mbili, vuta mstari mwingine kutoka shina la kijiti hadi hapo, umepata kaskazini na kusini za kweli. Yaani somo la jiografia limelipwa na kipindi cha hisabati.

Mstari wa nyuzi 30 mashariki, ambao Burundi na upande wa pili wa Ziwa Tanganyika huutumia kwa saa zao, unapita ndani ya mkoa wa Kigoma, karibu na Kasulu. Ukiwa Manyovu mpakani, simu iliyoachwa ijirekebishe yenyewe ikishika mtandao wa Burundi huweza kurudi nyuma saa nzima, na mwenye nayo huilaani kwa kumpotosha. Simamisha kijiti pale pale mpakani: kivuli kikiwa kifupi kabisa, iliyoandika saa sita hivi ni hiyo simu.