Kashinda mara 11, kombe kachukua wa mara 3

Swali hili la MotoGP, mashindano ya dunia ya mbio za pikipiki, nimelijibu nikiwa nimeshika spana, nimelijibu kijiweni mbele ya kikombe cha kahawa, na mara moja nimelijibu msibani, Mungu anisamehe. "Fundi, hivi inakuwaje Bagnaia ashinde mbio kumi na moja, halafu ubingwa apewe mtu aliyeshinda tatu? Si wizi huu?" Muulizaji huwa kijana wa bodaboda aliyekalia tairi bovu, anasubiri nimkazie cheni. Nimechoka kulijibu kwa mdomo. Naliandika hapa, ili akija mwingine nimpe simu asome wakati mimi naendelea na kazi.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanga, Kigoma. Chakula changu kinatoka kwenye Boxer, TVS na zile za Kichina zinazobadili jina kila zikishushwa bandarini. MotoGP ni ugonjwa wangu wa Jumapili. Watu wa hapa wana mpira wao, nami naupenda, ila ukishazoea kufungua injini huwezi kutazama mtu akilaza pikipiki kwenye kona mpaka kiwiko kinakwaruza lami halafu ukabaki mzima kichwani.

Msimu unaoleta ubishi ni wa 2024. Ulikuwa na raundi 20, yaani wikiendi 20 za mbio. Francesco Bagnaia wa Italia, timu ya kiwanda ya Ducati, alishinda mbio za Jumapili 11. Jorge Martín wa Hispania, naye juu ya Ducati lakini katika timu ya Pramac ambayo si ya kiwanda, alishinda 3. Mwisho wa msimu Martín alikuwa na pointi 508, Bagnaia 498.

Dereva yeyote wa bodaboda asiye na chombo chake anaijua hesabu, ile hela ya kumpelekea tajiri. Tajiri hakuulizi jana ulipata abiria wangapi wala ulimpita nani pale mteremkoni. Anataka hesabu yake. Sasa tuseme kuna vijana wawili wa tajiri mmoja. Wa kwanza anachomoka, Ijumaa analala na elfu arobaini, kijiwe kizima kinamwimba. Jumamosi chombo kiko kwangu, shokapu ya mbele imepinda, na Jumapili bado kiko kwangu. Wa pili hana maajabu, elfu ishirini leo, elfu kumi na nane kesho, ishirini tena keshokutwa. Tajiri akipiga hesabu ya mwezi, unadhani pikipiki mpya anampa nani?

Tuje kwenye tarakimu zenyewe. Mshindi wa mbio za Jumapili anapata pointi 25, wa pili 20, wa tatu 16, wa nne 13, wa tano 11, kisha zinashuka moja moja hadi wa kumi na tano anayeambulia 1. Tazama vizuri hapo juu: tofauti ya wa kwanza na wa pili ni pointi 5 tu. Lakini tofauti ya wa pili na aliyeanguka ni 20. Kwa hiyo aliyeshinda leo na kuanguka wiki ijayo ana 25, na aliyekuwa wa pili mara zote mbili ana 40. Martín alikuwa wa pili Jumapili 10. Kumi! Wenye macho ya mpira hawakuliona hilo, maana kwenye mpira wa pili kwenye mechi ni aliyefungwa.

Halafu kuna Jumamosi, na hapa ndipo wengi wanapoachwa. Tangu 2023 kila raundi ina mbio fupi siku ya Jumamosi, nusu ya urefu wa zile za Jumapili, na pointi zake ni kama nusu: 12 kwa mshindi, 9, 7, 6, mpaka wa tisa anayepata 1. Wengi hawazitazami, Jumamosi ni siku ya biashara. Nilikaa na daftari la gereji, lile la kuandikia madeni, nikatenganisha siku mbili hizo. Jumapili peke yake: Bagnaia 370, Martín 337. Yaani mashabiki wa Bagnaia wana haki, Jumapili mtu wao alikuwa mbele kwa 33. Jumamosi peke yake: Martín 171, Bagnaia 128. Pengo la 43. Toa 33, zinabaki 10, na kumi hizo ndizo kombe. Martín alishinda mbio fupi 7. Bagnaia alikuwa akizichezea kamari.

Mifano ninayo. Mei, Barcelona, mbio fupi, mzunguko wa mwisho, Bagnaia anaongoza. Akala mweleka. Agosti, Silverstone, Jumamosi, chini tena. Novemba, Sepang kule Malaysia, anamfukuza Martín mizunguko ya mwanzo tu, akaenda chini, na asubuhi ya siku hiyo pengo lao lilikuwa pointi 17, Martín mbele. Kesho yake alishinda mbio kuu kwa ubabe ambao hata mimi nilisimama kumpigia makofi, lakini alikuwa anafukia shimo alilolichimba mwenyewe. Ongeza Jumapili tatu alizoondoka na sifuri: Portimão alipogongana na Marc Márquez, Aragón alipogongana na Álex Márquez, na Misano, ile raundi ya pili ya hapo, alipoanguka bila kuguswa na mtu.

Martín naye si malaika. Sachsenring, Ujerumani, Julai, alikuwa mbele, imebaki mizunguko miwili, akaanguka, Bagnaia akapita akiokota 25. Jerez aliangukia mbele vilevile. Na Misano, raundi ya kwanza ya hapo, Septemba 8, alifanya jambo ambalo mwanagenzi wangu angelifanya ningemtoa gereji siku tatu. Kila dereva ana pikipiki mbili, moja imefungwa matairi ya mvua, na sheria inaruhusu kuingia na kubadili mbio zikiendelea. Yaliponyesha manyunyu, Martín aliyekuwa amemganda Bagnaia mgongoni akaingia kubadili. Wenzake wa mbele wakabaki nje. Manyunyu yakakatika. Ikabidi aingie tena kurudisha ile ya kwanza. Akamaliza wa kumi na tano, pointi 1. Sisi wa Kigoma tunalijua hilo wingu: unaliona limekaa juu ya ziwa upande wa Kongo, jeusi, unakimbiza turubai, halafu halinyeshi. Martín hakuzaliwa hapa.

Sasa niingie mahali ninapopapenda, upepo wa tairi. Wateja wangu hupima kwa kidole gumba, wanabonyeza, wanasema "ipo". Kwenye MotoGP upepo wa tairi la mbele una sheria yake, tena yenye adhabu. Michelin, ambao peke yao ndio wanaowapa wote matairi, waliweka kiwango cha chini: bar 1.8 kwa msimu huo wa 2024. Kwa geji zetu ni kama 26. Ndiyo, ishirini na sita, karibu sawa na ninachojaza tairi la mbele la Boxer! Chombo cha zaidi ya farasi 250, kinachopita kilomita 350 kwa saa penye nafasi, kinakwenda na upepo wa bodaboda. Ila wao wanapima tairi likiwa moto linakimbia, kwa kipimo kilichofungwa ndani ya rimu, na sheria inataka lisiwe chini ya hapo kwa angalau asilimia 60 ya mizunguko ya Jumapili, asilimia 30 Jumamosi. Ukikutwa chini, unaongezewa sekunde 16 kwenye muda wako Jumapili, au 8 Jumamosi. Sekunde 16 ni kuporomoka nafasi kama sita, nane.

Kwa nini wasijaze tu nyingi wakalala usingizi? Kwa sababu upepo unatanuka na joto. Ukiwa nyuma ya mwenzako hupati hewa ya kupoza, unavuta joto la injini yake na matairi yake, tairi lako la mbele linachemka, upepo unapanda, tairi linakuwa gumu na mviringo kama mpira, sehemu inayogusa lami inapungua. Ukifunga breki, usukani unakukimbia. Ukiwa mbele peke yako, hewa safi inapoza, upepo unashuka, na sasa unapigwa sekunde. Kwa hiyo fundi wa timu, kabla mbio hazijaanza, anatakiwa atabiri dereva wake atakaa mbele au kwenye msongamano, ndipo ajaze. Akikosea, fundi hawezi tena kurekebisha, labda dereva ajiokoe mwenyewe.

Aliyeonyesha hili wazi kuliko wote ni Marc Márquez, msimu uliofuata, Machi 2, 2025, Buriram, Thailand. Kwetu ilikuwa saa tano asubuhi. Anaongoza bila shida, ghafla akalegeza mkono, akamwachia mdogo wake Álex apite. Kibandani tunakotazamia watu wakaguna, mmoja akasema kashahongwa na ndugu yake. Nikawaambia tulieni, huyo anapasha tairi. Upepo wake wa mbele ulikuwa chini. Akakaa nyuma ya mdogo wake mizunguko mingi, anapigwa joto kwa makusudi, mpaka tairi likatimiza sheria. Ilipobaki mizunguko mitatu akampita, akaenda zake, akashinda. Siku ile nililipiwa chai na watu watatu.

Nami nina deni langu kwenye suala la upepo. Miaka kadhaa nyuma kijana alikuja ana madumu mawili ya mawese ya kupeleka mjini, akataka nimjazie mbele na nyuma "mpaka ilie". Nyuma sawa, kuna mzigo. Mbele nilijua si sawa, lakini foleni ilikuwa ndefu nikajaza 40 ili aondoke. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kwenye mteremko wa kushuka Stesheni alifunga breki ya mbele, tairi likateleza kama sabuni. Alirudi jioni na kiwiko kimechubuka na dumu moja. Sikumdai hela ya kazi iliyofuata. Tangu siku hiyo geji yangu inaning'inia shingoni, na kidole gumba mbele yangu hakipimi kitu.

Mengine kwa haraka. Ducati walishinda mbio za Jumapili 19 kati ya 20, na iliyobaki, ya Austin, Marekani, aliichukua Maverick Viñales na Aprilia. Nafasi nne za juu zote zilikuwa Ducati, na Mwafrika wetu Brad Binder wa Afrika Kusini akafuata wa tano juu ya KTM. Mwenye kuuliza ulaji wa mafuta: wanaruhusiwa lita 22 kwa mbio za Jumapili zenye urefu wa kama kilomita 110 hadi 120. Lita 22 kutoka hapa, Kasulu umefika, na safari ya kurudi unasukuma. Boxer ingekwenda na kurudi kwa tano.

Raundi ya mwisho ilipangwa Valencia, lakini mafuriko ya mwishoni mwa Oktoba yaliliangamiza eneo lile na kuua watu wengi, ikahamishiwa Barcelona. Jumapili ya Novemba 17, saa kumi jioni kwa saa zetu. Bahati ligi za Ulaya zilikuwa zimesimama kupisha timu za taifa, ndiyo maana mwenye kibanda umiza alikubali kutuwekea. Pengo lilikuwa limeingia wikiendi ile likiwa 24. Bagnaia alifanya yote anayoyaweza binadamu: akashinda Jumamosi, akashinda Jumapili, pointi 37 kati ya 37. Martín akawa wa tatu siku zote mbili, 7 na 16. Mizunguko ya mwisho alikuwa anaendesha kama mtu aliyempakia mama mjamzito, kona pana, breki mapema. Vijana walikuwa wanamzomea wakimtaka apigane. Mimi nilikuwa nimeshika daftari.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba kabla hata ya katikati ya msimu Ducati walishaamua kiti cha timu ya kiwanda cha 2025 wampe Marc Márquez. Martín akasaini Aprilia. Yaani bingwa wa dunia aliondoka na namba 1 yake akaenda kuibandika kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Kisha 2025 ikamwadhibu kwa majeraha, sehemu kubwa ya msimu aliitazama kama sisi, kwenye televisheni, huku Marc Márquez akitwaa ubingwa kule Motegi, Japani, raundi kadhaa kabla ya mwisho.

Kuhusu diski za breki za kaboni na kwa nini hazishiki zikiwa baridi, nimeulizwa na watu wawili, nitaandika nikipata nafasi. Mwenye kibanda amesema Jumapili zenye mbio za saa tisa ataweka, ila mechi ikianza anabadili hata kama umebaki mzunguko mmoja. Atakayekuja aje na kiti chake.