Serikali saidia! Lakini ni serikali ipi?

Mvua ya Aprili ilipoanza kumwaga, mtaro wa mbele ya ploti yetu huku Eastlands, Nairobi, ulifurika. Tulikuwa tumeuziba wenyewe, kwa chupa za soda na nepi. Maji meusi yakaingia hadi kwenye kibanda cha mama anayetuuzia sukuma wiki, naye akageukia simu ya kijana aliyekuwa akimrekodi, akainua mikono: "Serikali saidia!" Tukacheka, maana kilio hicho kila Mkenya anakijua. Kisha tukaenda kwa chifu. Akatusikiliza hadi mwisho, halafu akasema kwa upole, "Wazee wangu, mitaro ni ya kaunti. Mimi ni wa serikali ya kitaifa."

Kumbe tulikuwa na serikali mbili, na tulikuwa tumebisha mlango usio wetu.

Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, *sarkar*: sar ni kichwa, kar ni kazi. Yaani msimamizi wa shughuli. Wenye utani husema ni "siri kali", na siku nyingine nawaelewa. Ila watu hulichanganya na maneno jirani. Nchi ni ardhi na mipaka yake. Taifa ni watu wanaojihesabu kuwa kitu kimoja. Dola ni mamlaka yenyewe, ile isiyokoma: sheria, jeshi, mahakama, madeni. Serikali ni waliokabidhiwa kuiendesha dola hiyo kwa kipindi. Ndiyo maana serikali ikishindwa kwenye uchaguzi inaondoka, lakini deni la taifa linabaki palepale likimngoja atakayeingia.

Na kwa nini tuwe nayo kabisa? Ploti yetu ina soja wa usiku. Kila nyumba inatakiwa kutoa shilingi 300 kwa mwezi. Nyumba mbili za ghorofa ya juu hazijawahi kutoa, lakini soja akipiga filimbi saa nane usiku, mwizi anatoroka ploti nzima, haziachi hizo mbili akaziibia. Wasiotoa wanalindwa bure, na wanaotoa wanaanza kujiuliza kwa nini wao ndio wajinga. Mwezi uliopita tulikaribia kumkosa soja kabisa. Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke kwa taa za barabarani, polisi, mahakama, mitaro. Ni vitu ambavyo kila mtu anavihitaji lakini hakuna anayeweza kuuziwa kipande chake. Mchango wa hiari hauvifikishi mbali, kwa hiyo panawekwa kodi, na kodi hailipwi kwa kupenda.

Mwenye uwezo wa kukutoza kwa lazima lazima naye afungwe kamba. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Hao wengine wamekabidhiwa tu. Bunge linatunga sheria na kupitisha bajeti, Rais na mawaziri wanatekeleza, Mahakama inaamua nani amevuka mpaka. Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, hata waliokasirika walikubali kurudi kwenye foleni au kuisusia, lakini uchaguzi ulirudiwa. Na Juni 2024, baada ya vijana kujaa katikati ya jiji kupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, na watu kuuawa kwa risasi, Rais William Ruto alitangaza tarehe 26 kwamba hatautia sahihi. Hiyo kamba ilivutwa kutoka barabarani, kwa bei ghali mno.

Turudi kwa chifu. Tangu uchaguzi wa 2013 Kenya ina serikali ya kitaifa na serikali za kaunti 47, na Jedwali la Nne la Katiba ndilo limegawa kazi. Polisi, ulinzi, shule za msingi na za sekondari, hospitali kuu za rufaa kama Kenyatta, barabara kuu: taifa. Zahanati, chekechea, masoko kama Gikomba, leseni za biashara, maegesho, taka, wazima moto, maji ya mvua: kaunti. Kaunti si matawi ya Ikulu. Zina gavana na bunge lake, na kwa pamoja ni lazima zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Bado tunawaita askari wake "kanjo", neno lililotokana na kaunsil, yaani mabaraza ya zamani ya miji, ingawa kaunsil yenyewe ilizikwa 2013.

Nairobi ndiyo ilionyesha jinsi mpaka huo unavyoweza kuvurugika. Februari 2020 gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alitia sahihi mkataba wa kukabidhi serikali ya kitaifa kazi nne, zikiwemo afya na uchukuzi. Zikaendeshwa na idara mpya ya serikali ya kitaifa iliyoitwa NMS (Nairobi Metropolitan Services) chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, hadi ziliporudi kaunti mwaka wa 2022. Kwa miaka hiyo miwili ulikuwa ukiuliza nani wa kulaumiwa kwa taka, unapata majibu mawili. Katiba ilikuwa na jibu moja: kifungu cha 187 kinaruhusu kazi kuhamishwa, lakini wajibu unabaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo tangu mwanzo. Kifungu kizuri sana hicho, na ni wachache waliokitaja.

Sisi tuliandika barua, tukaipeleka ofisi ya mwakilishi wadi, anayetusemea kwenye bunge la kaunti, tukiwa watu sita na mama wa sukuma mbele. Haikuwa ofisi ya mbunge, ingawa nusu ya ploti ilisisitiza twende huko. Mbunge kazi yake ni sheria na kuichunga serikali ya kitaifa, mtaro haumo. Wiki tatu baadaye vijana wakaja na majembe na gamubuti. Walizibua vizuri, siku mbili nzima, chupa baada ya chupa, mpaka mtaro wetu unapokutana na ule wa barabara kubwa. Hapo wakaweka majembe begani.

"Na huku mbele?" mama akauliza.

"Huku mbele, mama, ni ya taifa."