"Faili iko kando ya programu, mbona haioni?" Dhana potofu kuhusu folda ya kazi kwenye Fortran

Wiki hii nimeulizwa swali hili mara ya tatu, na hii ya tatu ndo imenikalisha chini niandike. Kijana mmoja hapa Amu (Lamu) anafanya hesabu za maji kujaa na kupwa, programu yake ya Fortran (lugha ya kuandikia programu za hesabu) nzuri tu, hesabu zimekaa sawa, kanitumia picha ya skrini na maneno haya: "Mwalimu, faili ya data iko papo hapo kando ya programu, mbona yasema hakuna faili?"

Haya. Watu wengi wanaamini folda ya kazi, yaani ile ambamo programu hutafuta faili, ni ile folda ambamo programu imekaa. SIVYO. Programu ikianza inarithi folda ya aliyeianzisha, kama umeianzisha kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) basi folda ya kazi ni pale terminali ilipokuwa wakati unabonyeza enta, hata kama programu yenyewe imelala folda tano mbali na hapo. Jahazi likiundwa Matondoni, kijiji cha hapa Amu, si kwamba kila safari yaanzia Matondoni, ukilipandia Shela, kijiji kingine, safari yaanza Shela, na ukiambiwa nenda maili mbili kaskazini hizo maili zahesabiwa kutoka Shela. Ukiandika 'data/maji.txt' kwenye open (amri ya kufungua faili) umetoa maelekezo ya namna hiyo hiyo, lazima yahesabiwe kutoka mahali fulani, na hapo mahali ndo folda ya kazi.

Najua dhana imetoka wapi. Kwenye Windows ukibonyeza programu mara mbili, folda ya kazi inakuwa kweli ile ya programu, mtu anafanya hivyo mwaka mzima, inakubali, anaona hiyo ndo kanuni. Halafu siku moja anaiendesha kutoka Visual Studio (programu ya kuandikia kodi), ambako kwa kawaida folda ya kazi ni ya projekti na programu iko ndani ya folda ya Debug, au anaiweka kwenye cron (huduma ya Linux ya kuendesha kazi kwa ratiba) iende usiku, na cron inaanzia folda ya nyumbani ya mtumiaji, hapo ndo simu zinaanza kulia kwangu.

Na huyo aliyeambiwa "hakuna faili" ana bahati sana. Mwingine ameandika open bila status (sehemu ya kusema kama faili ipo tayari au ni mpya), sasa Fortran inachukulia 'unknown', gfortran (kompaila, yaani kigeuzi cha kodi kuwa programu) ikikosa faili inaunda mpya, tupu, halafu read (amri ya kusoma) ya kwanza inakupa "End of file", faili imeisha, na wewe unaanza kulaumu data kwamba imeharibika, unaipakua upya, unapoteza siku nzima. Faili yako nzima kabisa haijaguswa! Iliyosomwa ni nyingine, haina kitu ndani.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kisa cha dada mmoja aliyekuwa na nakala ya zamani ya data, jina lile lile, kwenye folda yake ya nyumbani. Programu haikulalamika hata kidogo. Ikasoma data ya mwezi mwingine, ikachora grafu safi, na grafu ikaonyesha bamvua (maji kujaa na kupwa sana) siku ambayo mwezi ni robo. Baba yake ni mvuvi, akaitazama akamwambia mwanangu hii si kweli, mwezi ukiwa robo maji ni mafu (hayajai wala kupwa sana), bamvua yaja mwezi mpya na mwezi mpevu. Kompyuta haikuona kosa, mzee kaliona kwa macho. Ndo maana nasema hili si jambo dogo la wanaoanza, linaweza kukupa jibu la uongo lenye sura nzuri.

Kwa hiyo kila open ya kusoma iwe na status='old' na action='read', uweke iostat (namba ya kosa) na iomsg (maelezo ya kosa), na ujumbe wa iomsg UUCHAPISHE usiufungie ndani. Na mstari wa kwanza kabisa wa log yako (kumbukumbu ya yale programu iliyofanya) useme folda ya kazi ni ipi. Kwa gfortran ni hivi tu, getcwd ndo inayouliza folda ya kazi:

character(len=4096) :: njia
integer :: hali
call getcwd(njia, hali)
if (hali == 0) print *, trim(njia)

Mistari minne! Kila programu ninayoigusa naiweka, hata kama mwenyewe hajaniomba.

Sasa dhana potofu nyingine nazipitia upesi.

"getcwd ni ya Fortran yenyewe." Hapana, haimo kwenye standadi (kanuni rasmi za lugha), hata Fortran 2008 haina. Ni nyongeza ya kompaila. gfortran inayo, ukikompaili na -std=f2008 (shika standadi tu) inaacha kuitambua na linka, kiunganishi cha vipande vya programu, inalia undefined reference to getcwd_. Kwa kompaila ya Intel unaandika use ifport (moduli ya Intel) na unaiita kama fanksheni, inarudisha namba, sifuri ni salama. Ukitaka kodi moja ya kompaila zote, ita getcwd ya lugha ya C kupitia iso_c_binding (daraja la Fortran kwenda C), iko tangu Fortran 2003, ila ukumbuke kwenye Windows jina ni _getcwd, na jibu la C linaishia na herufi ya nal (alama ya mwisho wa maneno kwenye C), likate hapo kabla hujaliunganisha na jina la faili.

"Nasoma PWD, inatosha." PWD, jina ambamo njia ya folda huwekwa, inaandikwa na sheli (programu inayopokea amri zako), si mfumo wenyewe. Programu ikihama folda katikati ya kazi PWD inabaki ile ya zamani, na kwenye cmd ya Windows haipo kabisa. Kama lazima uitumie, angalia status ya get_environment_variable (amri ya kusoma majina kama hayo), ikiwa 1 maana yake haipo.

"Nimehama folda kwa execute_command_line('cd data')." Hujahama. Imefunguliwa sheli nyingine, hiyo ndo imehama, kisha imekufa, wewe uko pale pale. Na wale wa 'pwd > tmp.txt' (kuandika jina la folda kwenye faili) halafu wanaifungua tmp.txt, fikiria programu ya MPI (mfumo wa kugawa kazi kwa michakato mingi) ambapo michakato mingi yote inaandika faili hiyo hiyo kwa wakati mmoja, tafadhali acheni.

"Basi get_command_argument(0) itanipa folda ya programu." Inakupa jina jinsi programu ilivyoitwa, mara nyingi ./maji na hakuna zaidi. Hiyo get_command_argument itumie kwa jambo la maana, mpe mtumiaji aandike folda ya data kama argumenti ya kwanza, njia kamili kuanzia mwanzo, na hapo hata ukiianzisha Shela au Matondoni faili itakuwa ile ile.

"Len=30, yaani herufi 30 za kuwekea njia, inatosha." Kwako labda, kwenye seva yenye majina marefu haitoshi, getcwd itakurudishia hali isiyo sifuri na wewe hukuiangalia. Weka 4096, ndo kikomo cha njia kwenye Linux, halafu trim (kata nafasi tupu za mwisho) kabla ya kuunganisha, la sivyo jina la faili litakuja na nafasi tupu maelfu katikati.