Kulala na pikipiki ndani ya HiAce moja: yanayosemwa na yalivyo

Kutoka Nairobi hadi uwanja wa motokrosi (mbio za pikipiki za kuruka vilima vya udongo) wa Garuga, kando ya Entebbe, ni zaidi ya kilomita 600 na mpaka mmoja katikati. Mzazi anayempeleka kijana wake kushindana analipa mafuta, chakula na matairi, kisha anaongeza usiku mbili tatu za hoteli. Ndiyo maana kila mwenye HiAce na pikipiki hufikia wazo moja: gari hilihili libebe pikipiki na lilaze watu. Wazo ni zuri. Wajapani wana hadi jina la van za namna hiyo, toranpo, na HiAce inapendwa sana kwa kazi hiyo. HiAce zetu nyingi zimetoka kwao, zikashushwa Mombasa au Dar es Salaam zikiwa zimekwisha kutumika. Gari limefika, lakini ujuzi wa kulipanga ulibaki kule, na mahali pake pamejaa maneno ya gereji. Mengine yanapoteza pesa tu. Mengine yanaweza kuua mtu usingizini.

Yangu nimeipanga mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata maneno hayo. Mara ya pili nilianza na tepu ya kupimia.

Dhana: Kitanda kinakaa juu, pikipiki zinaingia chini yake

Hii ndiyo picha ambayo kila mtu humwonyesha fundi kwenye simu. Karibu zote zimepigwa Ulaya au Marekani, ndani ya magari ambayo kwetu ni nadra. Fiat Ducato ya dari refu kabisa ina takriban sentimita 217 kutoka sakafuni hadi darini. Pikipiki ya motokrosi kama Honda CRF450R inafika karibu sentimita 127 kwenye hendeli. Zinabaki 90. Toa mbao, godoro na nafasi kidogo ya kupitishia hendeli, unabaki na kama 70. Hapo mtu analala na kugeuka, ila kukaa kitako hawezi.

Sasa pima HiAce, umbo lililoanza kuuzwa mwaka 2004. Ile ya dari la kawaida ina takriban sentimita 133 ndani, kwa hiyo juu ya hendeli zinabaki 6. Ile ndefu yenye dari la juu ina kama 163. Zinabaki 36, na ukishaweka mbao na godoro hazifiki 25. Mtu mzima hapo hawezi hata kulala ubavu.

Wapo wanaofungua hendeli kila jioni na kuilaza juu ya tangi. Kwa dari la juu hesabu inakubali, maana kiti cha motokrosi kiko karibu sentimita 96 kutoka chini. Mimi siungi mkono. Hendeli iliyofungwa kwa haraka alfajiri, kwa mikono yenye baridi, ndiyo hiyo kijana atairukia nayo saa nne asubuhi.

Ukweli ni kwamba ndani ya HiAce kitanda na pikipiki vinagawana saa, havigawani nafasi. Mchana sakafu ni ya pikipiki. Usiku pikipiki zinatoka na sakafu inakuwa chumba. Nilichomelesha reli mbili za chuma, kila ukuta moja, kimo cha sentimita 50, kisha plaiwudi nene ikakatwa vipande vitatu vinavyolala juu ya reli hizo kama vifuniko. Asubuhi vipande vinasimamishwa ukutani na kufungwa kwa mkanda, godoro linakunjwa nyuma ya viti. Ni kazi ya dakika chache. Chini ya mbao, usiku, ndipo masanduku ya vifaa na madumu ya maji yanapokaa.

Dhana: Upana hautoshi pikipiki na mtu ubavuni

Kwa pikipiki moja, unatosha. Ndani kuna kama sentimita 150 za upana. Watu hutoa 83 za hendeli, wanaona zimebaki 67, wanakata tamaa. Wanasahau kwamba hendeli iko juu, ilhali chini pikipiki ni nyembamba. Isogeze mpaka ncha ya hendeli ikaribie ukuta, na upande wa pili utapata kitanda cha sentimita 75 chenye kimo cha 45, urefu wa mtu mzima, hendeli ikipita juu ya ukingo wake kwa upana wa vidole vichache. Kata mfano wa maboksi kwanza, uulaze mahali pake, ndipo umlipe seremala.

Lakini kutosha ni jambo moja, na kulala humo ni jambo jingine.

Dhana: Tangi likifungwa vizuri, petroli haina neno

Hapa naomba msomaji asiharakishe.

Tangi la pikipiki halizibwi kabisa. Kuna njia ya kupumulia, kwa kawaida kamrija juu ya kifuniko, kwa sababu bila hewa kuingia petroli isingeshuka kwenda kwenye injini. Njia inayoingiza hewa ndiyo inayotoa mvuke. Gari likisimama juani, bodi inakuwa oveni, mafuta yanatanuka na mvuke unasukumwa nje. Pikipiki ya kabureta ina njia ya pili: mrija wa kumwaga ziada. Barabara ya matuta inalichezesha boya la ndani na petroli inadondoka. Koki ikiwa wazi, inaendelea kudondoka usiku kucha.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi kwenye dirisha ulilofungua kidogo ukadhani umemaliza. Unatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda. Unaweza kushika moto ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa iliyopo. Nafasi ya mizigo ya HiAce ya kawaida ni kama mita 6 za ujazo, na lita moja ya petroli ikigeuka yote kuwa mvuke hutoa zaidi ya lita 200. Kwa hesabu hiyo, chini ya nusu lita inatosha kulifanya gari zima liwe tayari kulipuka, na hapo ni kama mvuke umetawanyika sawasawa. Ukitulia chini, kinachohitajika ni kidogo kuliko hicho. Cheche ni ya friji ndogo ikiwaka yenyewe saa saba usiku, au ya mtu anayewasha kiberiti atafute viatu.

"Nikisikia harufu nitaamka," wanasema. Hutaamka. Aliyelala hanusi vizuri, na hata aliye macho, pua yake inazoea harufu ndani ya muda mfupi. Usiku mmoja karibu na Naivasha mvua ilitushika, tukaingiza pikipiki mbili ndani, tukafunga vioo na kulala mbele kwenye viti. Saa nane usiku mwanangu aliamka akilalamika kichwa na kutapika. Mimi sikuwa nikisikia harufu yoyote. Nilipotoka nje nikarudi, ilinipiga usoni kama kofi. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayelala kwenye gari langu pikipiki ikiwa ndani na mafuta.

Kinachosaidia ni hiki. Ondoka nyumbani na tangi tupu au karibu tupu. Mafuta yanapatikana njiani. Ya kabureta, funga koki kilomita ya mwisho na uache injini izime yenyewe. Toboa matundu ya kupitisha hewa usawa wa sakafu, pande mbili zinazotazamana, yasiyozibika. Na kama pikipiki ni lazima ikae ndani usiku, basi uwepo ukuta wa kweli usiopitisha hewa kati yake na kitanda, kutoka sakafu hadi dari. Pazia halihesabiki.

Dhana: Baridi ikizidi, jiko la mkaa dakika chache tu

Hapana. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na ndani ya mita 6 za ujazo haihitaji muda mrefu. Hata mkaa uliobaki majivu mekundu unaitoa. Vivyo hivyo kuwasha pikipiki ndani "ipashe moto" mlango ukiwa wazi. Nunua blanketi zito.

Dhana: Kaza mikanda mpaka fok zibonyee zote

Nia ni njema: pikipiki isianguke. Lakini fok (miguu miwili ya mbele yenye springi) zikibonyezwa hadi mwisho kwa safari ya muda wa saa kumi, shinikizo linaelemea sili, yaani raba zinazozuia mafuta yake yasivuje, na ukifika unakuta mafuta yanachuruzika kwenye bomba. Zibonyeze kiasi cha theluthi hadi nusu ya mwendo wake. Mikanda miwili ya mbele ishuke kwa pembe ya karibu nyuzi 45 kwenda mbele na pembeni, ikishika sehemu ya chini ya hendeli kwa vitanzi laini, sio kwenye raba. Tairi la mbele liegemee kizuizi kilichofungwa sakafuni. Nyuma weka mikanda miwili mingine ili mkia usirukeruke na kuhama.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye pete za kufungia. Fundi anazifunga kwa skrubu za mbao kwenye plaiwudi ya sakafu, zinaonekana imara, na pikipiki inasimama vizuri hadi siku ya ajali. Tuseme gari linagonga kwa kilomita 50 kwa saa na sehemu ya mbele inabonyea sentimita 60 kabla ya kusimama. Pikipiki ya kilo 100 wakati huo inavuta kama mzigo wa tani 1.6. HiAce haina boneti ndefu mbele yako. Dereva na abiria wamekalia injini, na nyuma ya visogo vyao ndipo pikipiki ilipo. Pete ipitishwe kwa bolti hadi chini ya bodi, na huko chini kuwe na bamba la chuma pana. Mkanda wenyewe soma kibandiko chake: nguvu imeandikwa kwa daN, na daN moja ni karibu uzito wa kilo moja. Mkanda usio na kibandiko, au uliopauka kwa jua, uache wa kufungia magodoro.

Dhana: Ukizitundika nje nyuma, gari linapumua

Ndani kunapata nafasi, ekseli inaumia. Pikipiki ya mita 2.18 iliyo ndani ya HiAce, mkia ukigusa mlango wa nyuma, kitovu chake cha uzito kinaangukia karibu kabisa juu ya ekseli ya nyuma. Ndipo mahali pazuri. Itundike nje ya bampa na kitovu kinasogea takriban mita 1.4 nyuma ya ekseli, na kwa kuwa umbali kati ya ekseli za HiAce ya kawaida ni mita 2.57, pikipiki ya kilo 110 inaikandamiza ekseli ya nyuma kwa karibu kilo 170, huku ikiinyanyua ya mbele kwa kilo 60. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Kwenye mteremko wenye mvua utaujua uzito huo. Ukitaka nje, vuta tela.

Uzito wa jumla kwa kawaida hausumbui. Pikipiki mbili, watu wawili, mbao, maji na vifaa havifiki kilo 600, na HiAce nyingi za mizigo zimeandikwa kubeba kilo 1,000 au zaidi.

Kuhusu viti: kama hati za gari zinasema ni la abiria, kuving'oa na kuweka kitanda ni badiliko la kuandikisha. Pata jibu la bima kwa maandishi kabla ya safari.

Dhana: Pikipiki ikilala nje, itaibiwa

Hofu hii naielewa kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu wazima wenye akili walale juu ya petroli. Pikipiki ya mashindano ni akiba ya miaka. Lakini kulala nayo si ulinzi pekee. Zisimamishe mbili zikitazamana kinyume, nyuma ya gari, mlango wa nyuma ukiwa umeinuliwa juu yake kama paa mpaka mkitaka kulala. Pitisha mnyororo mnene kwenye fremu zote mbili na kwenye ndoano ya kuvutia iliyo chini ya bodi; usiupitishe kwenye tairi peke yake, maana tairi linafunguliwa kwa spana moja. Funika kwa turubai ili mpita njia asijue kuna nini. Kisha funga uzi kutoka kwenye mnyororo hadi kwenye sufuria iliyo ndani, karibu na kichwa chako.

Na pale ambapo hata hivyo moyo hautulii, peleka gari kwenye kituo cha mafuta chenye mlinzi, mpe chochote, umwombe mahali pembeni mbali na pampu. Pikipiki zilale ndani ya gari lililofungwa. Ninyi laleni kwenye hema, upande upepo unakotoka.