Sio vumbi tu, ni kinyesi cha utitiri na bakteria zake

Huku Mtwara mtu akiamka anapiga chafya saba nane mfululizo utasikia "vumbi hilo", na kama ni msimu wa kupulizia mikorosho basi salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho, ndo inabeba lawama zote. Salfa kweli inakera kifua, sibishi, ila salfa ina msimu wake, sasa yule anayeamka pua imeziba mwezi wa pili na wa tatu, mvua inapiga, hiyo salfa inatoka wapi?

Mtoto wa dada yangu pale Chikongola alikuwa hivo hivo. Analalia godoro la sufi la siku nyingi, ukilipiga kofi asubuhi jua likiwa linaingia dirishani unaona vumbi linapaa jembamba kama unga. Humo ndo kwenye makazi ya utitiri wa vumbi, ana miguu minane, ndugu yake kupe na buibui, urefu kama robo ya milimita, anakula magamba ya ngozi yanayotutoka wenyewe.

Watu wanadhani anang'ata. Hang'ati kabisa, ukikuta vipele vya kung'atwa mtafute kunguni au mbu. Wengine wanasema ni uchafu wa nyumba, na hili linaniuma maana dada alikuwa anaona aibu kusema mtoto ana aleji, wakati anafagia asubuhi na jioni. Utitiri hanywi maji, anavuta unyevu wa hewani, na hewa ya pwani yetu, Mtwara mpaka Lindi, imejaa unyevu, kwa hiyo hata nyumba inayopigwa deki kila siku anakaa tu.

Sasa kwenye bakteria ndo watu wanachanganya zaidi. Ni kweli utitiri ana bakteria, nyingine tumboni, nyingine zinaishi ndani ya mwili wake kabisa, wataalamu wamekuta jamii za Bartonella na Cardinium. Mtu akisikia hivo anasema basi apewe antibayotiki, na huyu mtoto alishakunywa amoksilini mara tatu, dozi kamili, chafya palepale. Jamani, hizo bakteria hazijamuambukiza mtoto. Kinachomsumbua ni chembe za kinyesi cha utitiri anazovuta usiku kucha, zina protini iitwayo Der p 1 ambayo inakata viungio vya seli za njia ya hewa ikapenya, na pamoja nayo kuna vipande vya kuta za bakteria, endotoksini. Mwili wetu una kengele ya kugundua hivo vipande, na hiyo kengele ina protini msaidizi. Utafiti uliotoka 2009 ulionyesha protini nyingine ya utitiri, Der p 2, inafanana na huyo msaidizi na inafanya kazi yake, yani endotoksini kidogo tu na kengele inalia kama kuna vita. Dawa aliyomeza mtoto haiwezi kufika kwenye godoro, na hata ingefika, kipande cha bakteria iliyokufa bado kinaiamsha hiyo kengele.

Aleji hii inaweza kuleta pumu pia, na wapo wanaoogopa pumu itaambukiza kwa kikombe au kulala kitanda kimoja, hapana, haiambukizi.

Halafu kuna "nimeanika godoro juani, wamekufa, imeisha". Jua kali linawaua kwa kuwakausha, sawa, lakini kinyesi na mizoga inabaki na inaendelea kuleta aleji, ndo maana ukishaanika lazima ulipige nje, usilipigie chumbani hata siku moja maana unalirusha lote hewani. Mashuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, nyuzi 60 zinawaua. Na zulia la chumbani litoe, mkeka unatosha, unaukung'uta na kuuosha.

Kwa dada siku hizi Jumamosi kukiwa na jua godoro linatoka saa nne, analipiga mwenyewe kajifunga khanga puani, mtoto anakuwa kwa bibi yake mpaka vumbi litulie. Sufi yenyewe wanapanga kuibadilisha wakishauza korosho. Na pampu ya kuzuia pumu aliyoandikiwa na daktari mtoto anavuta kila siku, hata wiki ambayo hajapiga chafya.